Mwalimu Nyerere alivyorudi Butiama: rais aliyeacha kiti na kushika jembe

TCHOMIA, Ituri. Hapa kando ya Ziwa Albert, kustaafu ni jambo ambalo wengi hawapendi kulizungumzia. Mvuvi haachi ziwa mpaka mikono imeshindwa kuvuta wavu. Mwalimu wa shule ya msingi anafikisha miaka 70 akiwa bado ameshika chaki, kwa sababu anaogopa mwezi wa kwanza bila mshahara. Na wale waliofanya kazi ya serikali Bunia au Kinshasa, wengine wanaona haya kurudi kijijini, maana watu watauliza: miaka yote hiyo, umeleta nini?

Kuna mtu mmoja wa kanda hii ya Maziwa Makuu aliyeulizwa swali hilo mbele ya dunia nzima. Julius Kambarage Nyerere alitawala Tanzania karibu miaka 24, kisha akaondoka kwa hiari yake na kurudi kijiji alichozaliwa. Wazee wetu wanamkumbuka kwa mambo ya ukombozi na Umoja wa Afrika. Hii hadithi ya kurudi nyumbani haisimuliwi sana, ingawa ndiyo ingewafaa zaidi walio karibu kuacha kazi.

Butiama iko katika mkoa wa Mara, si mbali na mji wa Musoma na Ziwa Victoria. Maji ya ziwa hilo hutoka Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na maporomoko ya Murchison, halafu yakaingia katika Ziwa Albert upande wa kaskazini. Kwa hiyo tunaweza kusema, bila kutania sana, kwamba tunakunywa maji yaliyopita kwao kwanza.

Alizaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo na kulima. Shule aliianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Mhema, Mlendu au Mualur wa hapa ataelewa haraka: lugha ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na darasani.

Masomo yalimpeleka Tabora, halafu Makerere kuanzia 1943, halafu Edinburgh kule Scotland kati ya 1949 na 1952. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, akafundisha Pugu karibu na Dar es Salaam, na tarehe 7 Julai 1954 akaanzisha chama cha TANU pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata aliacha ualimu kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu lilibaki naye hadi kaburini.

Watu wachache wanakumbuka kwamba alijaribu kuacha madaraka mapema sana. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, yeye akiwa waziri mkuu. Mwezi uliofuata, Januari 1962, alijiuzulu, akampa Rashidi Kawawa kiti, akaenda kuzunguka nchi kuimarisha chama. Alirudi mwishoni mwa mwaka huo akiwa rais. Nadhani mtu aliyewahi kukiacha kiti mara moja, akaona kwamba jua linachomoza vilevile, haogopi sana mara ya pili.

Utawala wake hatutauelezea wote hapa. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha au hisa katika makampuni. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapunguza mshahara wake mwaka 1966, na mke wake aliachana na mradi wake wa kuku ili sheria hiyo isiwe ya watu wengine tu. Kisha kilikuja kipindi cha vijiji vya ujamaa. Mamilioni ya wakulima walihamishwa, wengi kwa nguvu, mashamba yakaachwa, mavuno yakashuka. Wapinzani walifungwa bila kesi. Vita dhidi ya Idi Amin, 1978 na 1979, vilimaliza hazina ya nchi. Kufika 1985, madukani kulikosekana sabuni, sukari na nguo, na nchi ilikuwa imevutana kwa miaka na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu mwenyewe alikiri baadhi ya makosa, hasa kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika vya wakulima.

Hakuondoka basi katika saa ya sifa. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi nchi yenye amani na umoja, lakini yenye njaa ya fedha. Alikuwa na miaka 63. Mwaka uliofuata Mwinyi alisaini mkataba na Shirika la Fedha, jambo ambalo Mwalimu alikuwa amelikataa.

Wakati ule marais wa Afrika walioondoka kwa hiari walihesabika kwa vidole. Senghor wa Senegal aliacha kiti mwishoni mwa 1980, lakini akaenda kuishi Normandie, nchini Ufaransa. Ahidjo wa Cameroun alijiuzulu 1982, akagombana na mrithi wake, akafia uhamishoni Dakar. Kwetu, Kasa-Vubu alirudi kwao Bas-Congo baada ya kupinduliwa mwaka 1965 na kufia Boma mwaka 1969, yeye hakuchagua. Na Mobutu, ambaye ziwa hili la Tchomia liliwahi kubeba jina lake, alikuwa akijenga makasri Gbadolite na uwanja ambao ndege ya Concorde iliweza kutua. Yeye pia alirudi kijiji cha mababu zake, tukitaka kusema hivyo. Mwaka 1997 alikimbia, akafia Rabat mwezi Septemba, na kaburi lake liko Morocco mpaka leo.

Nyerere alirudi Mwitongo, kilima chenye mawe makubwa palipokuwa boma la baba yake. Hapo tusidanganyane: siku za kwanza hazikuwa za kupumzika. Alikuwa ameacha urais, lakini alibaki mwenyekiti wa chama cha CCM hadi Agosti 1990, na katika miaka hiyo alizunguka mikoani kukagua matawi. Tena mwaka 1987 alianza kuongoza Tume ya Kusini, iliyokuwa na ofisi Geneva na ambayo ilitoa ripoti yake 1990 juu ya nchi maskini na jinsi zinavyoweza kusaidiana. Kwa hiyo alistaafu mara mbili, 1985 na 1990. Baadhi ya Watanzania walilalamika kwamba mzee ameondoka mlangoni na kubaki dirishani, na sidhani walikosea kabisa. Mrithi anayefanya kazi huku mwenyekiti wa chama anamtazama hana raha.

Lakini kila aliporudi Butiama, kulikuwa na shamba. Alilima mwenyewe kwa jembe, na picha zake akiwa shambani zinajulikana Tanzania nzima. Alifuga pia. Kwa mtu aliyewaambia wananchi kwa miaka 20 na zaidi kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa nchi, kushika jembe kulikuwa ni kama kulipa deni. Na kwa mtu ambaye serikali yake iliwahamisha wakulima kwa malori, kulima ardhi ya baba yake, bila mtu kumwondoa, ni jambo ambalo msomaji anaweza kulitafakari mwenyewe.

Asubuhi alikuwa na misa, kwani alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Jioni alipenda kucheza bao, mchezo ambao wazee wa hapa nao wanaujua chini ya miti.

Mradi wake mwingine mkubwa wa nyumbani ulikuwa mezani. Nyerere alikuwa mfasiri tangu zamani. Akiwa bado mtawala, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka 1963 na kusahihishwa 1969, na Mabepari wa Venisi, 1969. Ni vigumu kuelewa alipata saa ngapi. Alipostaafu, saa zilipatikana, na akachukua kazi nzito zaidi: kuziandika Injili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, kwa mtindo wa utenzi.

Kwa wasiojua, utenzi ni ushairi wa zamani wa pwani ya Waswahili. Kila ubeti una mistari minne mifupi, kila mstari kwa kawaida ni mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachorudi toka mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kwa karne nyingi Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa walitumia mtindo huo kusimulia habari za mitume na vita vya dini yao. Mzanaki Mkatoliki akauchukua kusimulia habari za Yesu, ubeti baada ya ubeti, kwa lugha aliyojifunza shuleni. Vitabu hivyo vilichapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Kazi kama hiyo haifanyiki kati ya mkutano na mkutano. Inataka mtu aliyekaa mahali pamoja, mwenye subira ya kuhesabu mizani kwa vidole.

Siasa, hata hivyo, ilimfuata kijijini. Mwaka 1993 wabunge walipotaka serikali ya Tanganyika ndani ya muungano, alitoka Butiama kupinga, na baadaye akaandika kitabu kuwashambulia viongozi waliokubali. Mwaka 1995 alipanda majukwaani kumnadi Benjamin Mkapa. Mstaafu anayesema anapoona nyumba inaungua ni mtu mwema, lakini ni vigumu kujua lini nyumba inaungua kweli na lini ni moshi wa jikoni kwa jirani. Mwalimu hakuwa na mashaka mengi juu ya tofauti hiyo. Wengine walikuwa nayo.

Kazi yake ya mwisho inatugusa sisi wa mashariki ya Congo. Burundi ilipozama katika vita baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwaka 1993, wakubwa wa kanda walimwomba Nyerere awe mpatanishi. Aliwaita Warundi Mwanza mwaka 1996, na kuanzia Juni 1998 mazungumzo yalifanyika Arusha. Kwa hiyo mwenye shamba la Butiama alitumia miaka yake ya sabini akiwasikiliza watu waliokataa kukaa meza moja. Hakuona matunda. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Mwaka 1998 madaktari walikuwa wameshamkuta na kansa ya damu. Mwaka uliofuata, nyumba kubwa aliyojengewa na jeshi hapo Butiama ilikuwa tayari. Alikaa humo siku chache tu kabla ya kupelekwa kutibiwa London, na tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki katika hospitali ya St Thomas'.

Ukiuliza swali la wazee wa Tchomia, yaani alileta nini nyumbani baada ya miaka yote hiyo, jibu ni fupi. Alileta vitabu, maktaba nzima, na zawadi alizopewa, ambazo leo zimo katika makumbusho yaliyofunguliwa hapo Butiama mwaka huohuo wa 1999. Hakuwa na hoteli, wala akaunti Uswisi ambayo warithi waliigombania. Kanisa Katoliki, jimbo la Musoma, lilianza mwaka 2005 kuchunguza kama anaweza kutangazwa mwenye heri, na mahujaji kutoka Uganda na kwingine humwombea huko Namugongo kila tarehe 1 Juni.

Mwili ulirudishwa kwa ndege Dar es Salaam, ambako watu walipanga foleni ndefu kumwaga. Tarehe 23 Oktoba ulizikwa Mwitongo, palipo makaburi ya wazazi wake, mwendo mfupi kutoka shamba.