Apolo Kivebulaya: Imani Yenye Kutii

Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye wakristo wa Ituri wanamjua sana: Kanoni Apolo Kivebulaya. Wengi wetu tunabishana jioni katika internat: kama mtu anaokolewa kwa imani, kutii amri za Mungu kuna faida gani? Maisha ya Apolo yatatusaidia.

Apolo alizaliwa Buganda, karibu na mwaka 1864. Katika ujana wake alikuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, kisha akatumwa Toro kufundisha Injili. Jina Kivebulaya watu walimpa juu ya koti lake lililotoka Ulaya.

Mwisho wa mwaka 1896 alivuka Mto Semliki, akafika Boga. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, sababu chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alijua habari hiyo mbele ya kwenda. Hata vile alienda. Alishika jembe, akalima mwenyewe, akala jasho lake.

Taabu haikukawia. Mahubiri yake juu ya ulevi na wake wengi yalimkasirisha chifu, naye Apolo akapigwa sana. Tena dada ya chifu alianguka juu ya mkuki uliokuwa ndani ya majani, akafa. Apolo akashtakiwa kama ndiye aliyemwua, akafungwa na kupelekwa Toro, gerezani. Katika siku hizo za mateso, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope.

Alipofunguliwa, akarudi wapi? Boga, kwa chifu yule yule! Na Tabaro mwenyewe baadaye alibatizwa, akaitwa Paulo.

Basi, tufikiri kidogo. Nani angemlaumu kama angebaki Toro? Angeendelea kuimba na kuomba, na kila mtu angesema ana imani. Lakini imani hiyo ingebaki mdomoni tu. Kurudi Boga hakukumnunulia wokovu, sababu alikuwa amekwisha kuupokea bure. Alirudi kwa kuwa alisadiki kweli kama Bwana yuko pamoja naye. Mtu asiyemtumaini Mungu hawezi kumtii mahali penye hatari. Na mtu asiyetaka kumtii, tutajuaje kama anamtumaini?

Apolo aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1903. Kuanzia 1921, akiwa mzee tayari, aliingia msituni kwa Wambuti, akajifunza lugha yao, akashughulikia tafsiri ya Injili ya Marko kwa ajili yao. Alikufa Boga mwaka 1933. Desturi ilitaka azikwe kichwa kikielekea kwao Buganda. Yeye aliomba kielekee magharibi, upande wa msitu, maana kazi ilibaki kule. Hata kaburini alitaka kuonyesha njia.

Wenzetu, mitihani inakaribia. Mwanafunzi akipiga magoti asubuhi kumwomba Mungu msaada, kisha akificha karatasi ndani ya soksi, anamtumaini nani? Anatumaini karatasi. Yule anayeingia na mikono mitupu, hata kama anatetemeka, huyo ameomba kweli.