Karl Weule na Milima ya Masasi

Karl Weule alizaliwa tarehe 29 Februari 1864 katika kijiji cha Alt-Wallmoden, karibu na milima ya Harz, katika nchi ya Ujerumani. Siku hiyo huja mara moja tu katika miaka minne, basi hata sikukuu ya kuzaliwa kwake ilikuwa ya kungojewa. Alipokuwa kijana alisoma jiografia, kisha akageukia elimu ya mila na kazi za mataifa mbalimbali. Akafanya kazi Berlin katika nyumba ya kuwekea vitu vya mataifa, na mwaka 1899 akahamia mji wa Leipzig kufanya kazi kama hiyo. Vitu vya Afrika alivijua sana, lakini alivijua vikiwa ndani ya makabati ya vioo. Afrika yenyewe alikuwa hajaiona.

Mwaka 1906 serikali ya Wadachi ilimtuma kuja huku. Nia yake ilikuwa kwenda upande wa Kondoa, lakini alipofika Dar es Salaam aliambiwa ya kwamba nchi ile ina machafuko. Basi akapanda meli kwenda Lindi, na kutoka Lindi akashika njia ya bara kwa miguu, pamoja na wapagazi wake Wanyamwezi na askari wachache. Alifuatana pia na Nils Knudsen, mtu wa Norway, aliyekuwa amekaa siku nyingi upande ule na kujua lugha za wenyeji. Mwezi wa Julai akafika Masasi.

Nchi aliyoipita ilikuwa haijapona. Mwaka uliotangulia, 1905, vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika huko. Nyumba za misioni za Masasi na Nyangao zilichomwa moto, na serikali ikalipiza kisasi kwa ukali. Watu wengi walikuwa na njaa, na wengine walikuwa wamefungwa minyororo Lindi. Yafaa kulikumbuka jambo hili mtu anapozitazama picha za Weule, maana wale waliosimama mbele yake walikuwa wametoka tu katika taabu kubwa.

Katika mizigo ya wapagazi palikuwa na vitu vitatu visivyo vya kawaida. Cha kwanza kilikuwa chombo cha kunasia sauti katika mirija ya nta. Cha pili kilikuwa chombo cha sinema kilichotengenezwa na kiwanda cha Ernemann cha Dresden, na katika siku zile wataalamu waliochukua sinema safarini walikuwa wachache mno. Cha tatu kilikuwa sanduku la kupigia picha, pamoja na mabamba yake ya vioo.

Picha ya zamani haikuwa kazi nyepesi. Kila bamba lilipakwa utando mwembamba wa gundi uliochanganywa na chumvi ya fedha, nayo chumvi hiyo hubadilika ikiguswa na mwanga. Mpiga picha alisimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akaitazama sura ya mambo ikiwa imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Kisha akatia bamba, akafungua jicho la sanduku kwa muda mfupi, akalifunga. Lakini picha ilikuwa haijaonekana bado. Ilipasa bamba litiwe dawa gizani, kwa mwanga wa taa nyekundu, halafu lioshwe kwa maji mengi safi. Maji yakiwa ya moto kupita kiasi, gundi hulainika ikateleza kutoka katika kioo, na kazi yote ikapotea. Nayo mirija ya nta ililainika vivyo hivyo kwa joto. Kwa hiyo usiku, wakati wapagazi walipoota moto na kuzungumza, ndipo ilipoanza kazi nyingine ya hema.

Masasi iko katika nchi tambarare, na katika utambarare huo milima ya mawe imesimama ghafula, kama visiwa baharini. Mtandi ni mmoja wao, na Mkwera ni mwingine. Mawe yake ni ya zamani kupita kiasi cha kuhesabika. Udongo uliokuwa pande zote ulichukuliwa na mvua kidogo kidogo kwa maelfu na maelfu ya miaka, nayo mawe magumu yakabaki yakisimama uchi. Mgeni atokaye pwani, aliyetembea siku nyingi kati ya miti mikavu bila kuona mbali, huyaona mawe hayo akastaajabu. Weule naye alistaajabu, akayapiga picha.

Ila milima haipigwi picha saa yoyote. Katika miezi ya kiangazi nyasi huchomwa, na moshi hujaa hewani hata mlima ulio karibu ukawa kama kivuli. Asubuhi mapema, kabla moshi haujapanda, ndiyo saa njema. Tena mabamba ya siku zile yalikuwa na kasoro yao: rangi ya samawati yaliipokea upesi mno, na nyekundu hayakuiona ila kidogo. Kwa sababu hiyo katika picha nyingi za wakati ule mbingu ni nyeupe tupu, hazina wingu hata moja, na udongo mwekundu umekuwa mweusi.

Na usiku je? Usiku wa Julai huko Masasi ni baridi na safi. Msalaba wa Kusini huonekana mapema ukiinama upande wa magharibi, na lile wingu refu la nyota hukata anga toka upande hata upande. Bamba la msafiri halikuweza kuushika uzuri huo. Nyota zina mwanga mdogo, zinataka jicho la sanduku liachwe wazi muda mrefu. Na dunia haisimami bali huzunguka, hivyo kila nyota huacha mstari mahali pa nukta. Mtu atakaye nyota kamili lazima ageuze chombo chake polepole kwa kuzifuata. Jambo hili lilikuwa limekwisha fanywa kusini mwa Afrika. David Gill, mtaalamu wa nyota katika Rasi, aliipiga picha nyota kubwa yenye mkia iliyotokea mwaka 1882, akaona kwamba nyuma yake zimeonekana nyota nyingi mno. Kwa ajili hiyo akaanza kuzipiga picha mbingu zote za kusini, na mwisho nyota zaidi ya 450,000 ziliandikwa katika orodha. Nyota ile yenye mkia ilitokea Septemba 1882, mwezi ule ule Wamagwangwara waliposhambulia Masasi na kuchukua watu mateka.

Tumrudie Weule. Watu wengi waliliogopa sanduku lake, na wanawake hasa walikimbia. Si ajabu. Mgeni mwenye askari, aliyekuja mwaka mmoja baada ya vita, alikuwa akimwelekezea mtu jicho la kioo na kutaka asitikisike. Nani angejua halitamdhuru? Wengine walisimama kwa kupewa pesa, wengine kwa amri, na wengine kwa kupenda wenyewe. Weule naye aliwapa wapagazi karatasi na kalamu wachore wapendavyo. Akaona jambo asilolitazamia: watu ambao hawakuwahi kushika kalamu walichora wanyama na nyumba, hata na ramani ya njia ndefu ya misafara itokayo Dar es Salaam mpaka Tabora. Miaka kadhaa baadaye aliandika juu ya ramani za namna hiyo.

Mwezi wa Septemba alikuwa Newala, juu ya nyanda za Wamakonde. Boma la Newala liko ukingoni kabisa, na mbele yake nchi huanguka ghafula kwenda chini, hata bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji huonekana mbali kama bahari. Ni mahali pa kupendeza kupiga picha, lakini si mahali pepesi. Jioni upepo huvuma kwa nguvu, hupeperusha mavumbi na kuzima taa. Tena juu ya nyanda hapakuwa na maji, kwa sababu mvua huzama mchangani. Wanawake walishuka bondeni na mitungi, wakapanda tena ule mteremko mkali na mizigo vichwani. Bamba lililooshwa Newala lilioshwa kwa maji hayo.

Weule aliuliza kwa nini watu wakae mbali na maji, akaipata hadithi ya kale. Mtu mmoja alikaa peke yake porini, akachonga mti kwa mfano wa mwanadamu, akausimamisha. Usiku ukawa mwanamke, akamwoa. Wakashuka Ruvuma, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbemkuru, wa pili akafa pia. Wakapanda juu, upande wa Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo Wamakonde wakapenda kukaa juu.

Mwisho wa mwaka Weule akarudi Ulaya na picha zaidi ya 1,000. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake juu ya safari hiyo. Mahali pengi humo huwasema watu kwa kiburi cha mtawala, na msomaji wa leo hukunja uso. Lakini picha zake huonyesha wazi zaidi kuliko maneno yake. Akawa mkuu wa nyumba ile ya Leipzig, na profesa. Alifariki tarehe 19 Aprili 1926, wakati jengo jipya la makumbusho lilipokuwa bado linajengwa.

Tarehe 4 Desemba 1943 ndege za vita zilipiga Leipzig kwa mabomu, na jengo hilo likaungua. Vitu vingi viliteketea. Lakini picha zilizochapwa kitabuni zilikuwa zimekwisha enea nchi nyingi, moto usiweze kuzifikia. Humo milima ya Masasi imesimama chini ya mbingu nyeupe, na mwenyeji akiufungua ukurasa huutambua mlima wake kabla ya kusoma jina.