Mzee Broglio na darubini iliyopaa kutoka Ngomeni

Ukiwa Chebunyo usiku na stima imepotea, inua macho. Nyota ni nyingi hadi unaona aibu kushika simu. Lakini kuna anga nyingine usiyoiona, ile ya mionzi ya gama, yenye nguvu mamilioni ya mara kuliko mwanga wa kawaida. Hewa huizuia isitufikie, na shukuru. Ukitaka kuiona, lazima upeleke darubini juu ya hewa.

Hapo ndipo anaingia Luigi Broglio. Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka wa 1911. Akawa mhandisi, afisa wa jeshi la anga, kisha profesa jijini Rome. Aliitaka Italia irushe setilaiti, tena kutoka ikweta, kwa sababu hapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure.

Utaniuliza, mbona asije kwetu Chebunyo, na tuko karibu na ikweta kuliko Malindi? Roketi hurushwa kuelekea mashariki, boss. Vipande vingeangukia ng'ombe wa Narok! Broglio alihitaji bahari upande huo, ndiyo maana akasimamisha majukwaa ya miguu ya chuma baharini, Ngomeni. San Marco 2 ikapaa kutoka hapo Aprili 1967.

Uhuru, ile ya eksirei ya 1970, husifiwa na kila mtu. Mimi naipenda zaidi SAS-2, darubini ya gama ya Wamarekani iliyorushwa hapo hapo Novemba 1972. Ikizunguka chini chini juu ya ikweta, iliepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazoizingira dunia, ambazo zingefunika gama chache zitokazo mbali. Ilifanya kazi kama miezi saba, kisha umeme wake ukafeli. (Hata huko juu, stima!) Lakini ilikuwa imeonyesha galaksi yetu ikimeremeta kwa gama, pamoja na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitambua. Waitaliano wakakiita Geminga, ambayo kwa lugha ya Milan ni kama kusema hakipo.

Kilikuwepo. Miaka ishirini hivi baadaye ilithibitishwa kuwa ni nyota mfu, ndogo, nzito ajabu, inayozunguka kwa kasi. Broglio alikuwa bado hai. Alifariki Januari 2001, akiwa na miaka 89, na sasa kituo cha Malindi kina jina lake.

Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Ukishuka Malindi Desemba hii, acha ufuo kidogo, uwatafute wazee wa Ngomeni waliofanya kazi kwenye majukwaa yale. Washa rekoda. Andika na majina yao.