Pierre Romain-Desfossés, Mwalimu wa Wachoraji wa Katanga

Sisi tukaao Shituru twaijua kazi ya shaba. Kiwanda chetu kilianza mwaka 1929 kuisafisha kwa umeme, na sifa ya kazi ile ni kwamba kila kibao cha shaba kifanane na mwenzake. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefungua karakana ya namna nyingine, ambamo kazi ya mmoja kufanana na ya mwenzake ilihesabiwa kuwa kosa.

Mtu huyo ni Pierre Romain-Desfossés. Alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Brest, kwenye pwani ya Ufaransa. Alikuwa askari, tena yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Baada ya vita kuu ya pili alikaa Elisabethville, mji ambao leo twauita Lubumbashi, na mwaka 1946, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alikusanya vijana na watu wazima ili wajifunze kuchora na kupaka rangi. Mahali pale paliitwa Le Hangar, maana yake banda tu. Jina ni nyenyekevu, lakini limekwisha kujulikana mbali sana.

Mtu wa kwanza kutajwa katika banda hilo ni Bela. Alikuwa wa kabila la Wasara, kutoka nchi ya Chad, naye alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa mzee huyo. Wengi wangalimwambia arudi kwenye kazi yake ya nyumba. Mzee alimpa rangi. Bela hakujali burashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi, akagusa karatasi mara moja, mara mia, mara elfu, hata samaki, wanyama na watu wakatokea katika alama zile za vidole. Mwalimu hakumkataza. Yafikirini hayo, ninyi mliopigwa vidole shuleni kwa kushika kalamu vibaya!

Kadhalika Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, hakuwa mtoto alipoingia mle. Yeye alishika burashi nyembamba. Alichora ndege walishao makinda yao, nyoka, mamba na samaki kati ya majani, na nafasi yote iliyobaki akaijaza nukta na alama ndogondogo, kwa uvumilivu kama wa mwanamke achambuaye mchele. Mwenze Kibwanga naye, aliyezaliwa mwaka 1925, alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyolala pamoja kama msuko wa mkeka, rangi nyekundu ya udongo, kahawia na nyeusi. Hao watatu walifanya kazi chini ya paa moja, kila mtu akiiona kazi ya mwenzake. Walakini ukionyeshwa picha zao leo, hutamchukua Bela ukamwita Mwenze.

Hapo nakiri jambo langu. Mimi nifundishaye watoto wadogo, nimezoea kuchora nyumba na mwembe ubaoni, nao wananakili. Nyumba 40, miembe 40, yote yangu. Siku moja mtoto alichora nyumba inayoonekana ndani, mama yake akipika. Nami nikamwambia aifute. Tangu niliposoma habari za banda lile, nyumba ile iliyofutwa hainitoki moyoni.

Lakini tusimsifu mzee yule kupita kiasi. Hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Kizungu, akiogopa wasipoteze namna yao wenyewe. Nia yake yaweza kuwa njema. Lakini watu wale walikuwa watu wazima, wenye macho yao, nao wakaaji wa mji mkubwa wa Congo ya Wabelgiji. Nani alipaswa kuwachagulia watazame nini na wasitazame nini? Yeye aliyewaachia mikono yao huru hakuyaachia macho yao uhuru uleule. Nadhani mambo haya mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, kama yakaavyo ndani ya walimu wengi.

Picha za banda zilitoka, zikaonyeshwa hadharani, zikavuka bahari mpaka Ulaya na Marekani. Watu wakazinunua. Baadaye wakatokea wachoraji wengine waliowaiga wale wa kwanza, ndege kwa ndege na nukta kwa nukta, kwa sababu picha za namna ile zilipata wanunuzi. Jambo ambalo mwenye banda asingalipenda.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954 katika mji uleule wa Elisabethville. Banda lake likaunganishwa na chuo cha sanaa ambacho Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951. Pilipili na Mwenze wakaingia chuoni, safari hii wakiwa walimu, na mbele yao wakaketi vijana wenye karatasi nyeupe, wakingoja kuambiwa wachore nini.