Daktari Burkitt na Taya za Watoto

Wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwasimulia habari za Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Hata hivyo akawa daktari mpasuaji. Mwaka 1946 akaja Uganda, akafanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, pande zote mbili. Baada ya siku si nyingi akaona mtoto mwingine wa namna ile huko Jinja. Burkitt hakupita tu. Alichunguza daftari za hospitali, akapeleka barua na picha kwa waganga wengi wa Afrika. Mwaka 1961, pamoja na rafiki zake wawili, alisafiri kwa motokaa kuukuu kwa majuma 10, kilometa zipatazo 16,000, akiuliza hospitali hata hospitali. Akaona kwamba ugonjwa huo hukaa katika nchi za chini zenye joto na mvua, na milimani kwenye baridi ni nadra.

Ugonjwa wenyewe ni kansa ya limfu. Chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, huacha kazi yao zikazaana upesi bila kiasi, na pengine huingia hata katika uboho wa mifupa. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waliona virusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Watu wengi wanavyo virusi hivyo bila kuugua. Lakini malaria ya mara kwa mara humdhoofisha mtoto, na hapo kansa hupata njia.

Kisu hakikutosha kuwaponya. Burkitt akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Siku hizi wengi hupona, wakifika mapema.

Sisi wa Buterere tunakaa bondeni karibu na ziwa Tanganyika, na mbu tunawajua. Basi tuwalaze wadogo zetu ndani ya chandarua. Tena tukiona mtoto amevimba taya na meno yanalegea, tusingoje wala tusitafute mchawi. Tumpeleke hospitali juma lile lile, maana uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Wazee husema kuuliza si ujinga. Kwa kuuliza kwake watoto wengi wako hai.