Konrad Henlein, mwalimu aliyemfungulia Hitler mlango wa Chekoslovakia

Konrad Henlein alizaliwa tarehe 6 Mei 1898 karibu na mji wa Reichenberg, ambao leo unaitwa Liberec. Wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Austria-Hungaria. Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, ufalme huo ulivunjika. Wajerumani karibu milioni 3 wakajikuta ndani ya inchi mpya, Chekoslovakia, bila kuulizwa.

Henlein alikuwa akifundisha mazoezi ya mwili katika mji wa Asch. Mwaka wa 1933 aliunda chama cha Wajerumani wa eneo la Sudeten. Malalamiko hayakukosekana: viwanda vingi vilifungwa na watu wakakosa kazi. Katika uchaguzi wa Mei 1935, chama chake kilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote. Mbele ya watu alijionyesha raia mwaminifu; kwa siri alipokea pesa kutoka Berlin.

Tarehe 28 Machi 1938, Hitler alimpokea Berlin. Walipatana kwamba Henlein aombe kila mara mambo ambayo serikali ya Prague haiwezi kukubali. Hitler hakutaka Wajerumani hao wapate haki zao na kutulia; alitafuta sababu ya kuivunja Chekoslovakia. Mwezi wa Aprili, Henlein alitoa madai 8. Mwezi wa Septemba, Rais Edvard Beneš alipokubali karibu yote, watu wa Henlein walikamata fujo iliyotokea Ostrava kama kisingizio, wakakatisha mazungumzo.

Kiisha, katika mkutano wa Munich, Uingereza, Ufaransa na Italia zilimwachia Hitler eneo la Sudeten. Chekoslovakia yenyewe haikupewa kiti. Henlein akawekwa kuwa mkubwa wa eneo hilo. Wayahudi na Wajerumani waliompinga walikimbia ao walifungwa. Machi 1939, askari wa Hitler waliingia Prague.

Tarehe 10 Mei 1945, akiwa mikononi mwa askari wa Marekani katika mji wa Plzeň, Henlein alijiua. Nyuma ya vita, Wajerumani karibu milioni 3 walifukuzwa Chekoslovakia. Wale ambao Berlin ilisema inawalinda ndio waliopoteza nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao.