Edel Quinn: Mgonjwa Aliyetazama Mbele

Sisi Wakatoliki tulio wachache hapa Wingwi, Pemba, huingiwa na wasiwasi kila tujihesabupo. Ndiyo maana tunamkumbuka Mheshimiwa Edel Quinn.

Alizaliwa Ireland mwaka 1907. Alitamani kuingia utawa wa Waklara Maskini, lakini mwaka 1932 aligundulika kuwa na kifua kikuu, akalazwa kwa miezi 18. Mlango wa monasteri ukafungwa. Mwingine angekaa akizihesabu siku zilizosalia. Yeye akazitazama kama mali ya kutumia. Mwaka 1936, angali mdhaifu, alishuka Mombasa akiwa mjumbe wa Legio ya Maria. Akazunguka Afrika Mashariki, mara nyingi kwa gari kuukuu, akianzisha vikundi vya waamini wachache wachache, kama sisi.

Hatudai kwamba mtazamo huo ulimponya. Mwaka 1941 alizidiwa akiwa Nyasaland, Malawi ya leo, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Alipopata nafuu kidogo alirudi Nairobi, kazini. Huko ndiko alikofariki tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa katika makaburi ya wamisionari.